Mchicha Ndani ya Keki ya Kakao

Nyumbani kwa Theonest, karani wa ghala,
Temeke, Dar es Salaam.
Jumapili, 22 Agosti 1954.

Mpendwa Dada Felicitas,

Shikamoo dada. Nimerudi kutoka misa ya kwanza na hata gauni la kanisani sijalivua, nimeketi moja kwa moja kukuandikia kabla Fransis hajaamka. Nataka kujua kwanza hali yako. Kifua kinasemaje? Ile homa ya jioni imekuacha, au bado inakuja? Na sindano, bado zinakufanya uchechemee? Barua yako ya Juni ilisema wameanza kukutoa asubuhi ukaketi barazani kwenye jua. Nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo yake inataka kukatika.

Sie huku tu wazima. Mume wangu Theonest anakusalimu sana, kazi zake zinaendelea. Fransis ameota meno mawili na anang'ata kila anachokutana nacho, pamoja na mimi mama yake.

Watu wa hapa wanasema Agosti ni mwezi wa baridi. Mie natoka jasho. Naikumbuka mvua ya kwetu Bukoba, ile inayopiga migomba mpaka watu hawasikilizani ndani ya nyumba, na sie wawili chini ya blanketi moja, wewe ukiniwekea miguu yako ya baridi mgongoni. Ndizi zipo sokoni Temeke, lakini nikizipika hazilainiki kama za mama. Nimeacha kuzipika. Naona afadhali kukosa kabisa kuliko kula kitu kinachofanana tu.

Sasa nifike kwa Rosalia, maana najua haya ya juu umeyasoma mbiombio ukitafuta jina la mwanao.

Ni mzima. Natanguliza hilo ili moyo wako utulie. Lakini kuna jambo nimelifanya kinyume cha neno lako, na nimeona ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa kaka yetu Didas.

Unajua ulivyotuagiza mwezi wa Aprili, Didas alipomchukua mtoto Bukoba kumleta kwangu. Ulisema aambiwe kwamba unabaki kuvuna kahawa na utamfuata kwa meli kisha treni, na mtu yeyote asimtajie ugonjwa wa kifua wala hospitali mpaka upone. Ulisema mtoto wa miaka saba, aliyekwisha kumzika baba yake, asibebeshwe na hili. Nilikuapia. Nilidhani ni jambo jepesi kutimiza.

Dada, sikukuandikia yote katika barua zangu zilizopita. Niliandika kwamba anazoea. Hakuwa anazoea. Reli inapita upande wa barabara ya Pugu, na filimbi ya treni inasikika mpaka kwetu. Kila alipoisikia alitoka akasimama njiani, akatazama watu wanaokuja na mizigo mpaka njia ikawa tupu, ndipo akarudi ndani. Hakuuliza kitu.

Chakula alikula kidogo, chai na kipande cha mkate, wali vijiko viwili. Mboga hakugusa kabisa. Siku moja nilimbembeleza na mchicha wa nazi, akaniambia kwa adabu tu kwamba mboga atakula na mama yake, kwa sababu nyumbani mlikuwa mnakula sahani moja. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Kufika mwisho wa Juni mashavu yalikuwa yameingia ndani, na macho yake kwa chini yalikuwa meupe. Nilimpeleka zahanati. Mganga alisema damu yake ni chache, akampa dawa, akanionya kwamba dawa peke yake haitoshi, lazima apate mboga za majani, karoti na maboga. Nilirudi nyumbani nikiwaza nitamfungua vipi mdomo.

Aliyenisaidia ni Rubabbai, mke wa Karmali mwenye duka la pembeni. Ni watu wa Kihindi, Waislamu wa Kishia, na mama huyu ana moyo mwema kuliko maneno yake. Nilipomweleza shida yangu pale dukani alinishangaa. Alisema kwao karoti na mumunye hupikwa kwa maziwa na sukari zikawa halua, na hakuna mtoto anayeuliza kama hizo ni mboga. Akashusha kopo la kakao kutoka rafu ya juu, akaligonga kwa kucha.

"Hii nyeusi, mama," akasema. "Ndani yake utaficha hata shamba zima."

Basi alinifundisha keki. Wewe unanijua, tangu shule ya masista nilikuwa naunguza hata uji. Tunaoka kwenye sufuria, mkaa kidogo chini na mkaa mwingi juu ya kifuniko. Keki ya kwanza iliungua chini na katikati ilikuwa bado uji. Ya pili ilifaa. Unachemsha boga, unaliponda mpaka lisiwe na nyuzi, unalikamua maji, halafu unalichanganya na mayai na samli kabla ya kutia unga na kakao. Boga lina utamu wake, kwa hiyo sukari nilipunguza nusu, na Rubabbai akasema hata meno ya mtoto yatashukuru. Theonest alikula vipande vitatu akasema kumbe nilikuwa na kipaji nikakificha. Sikumwambia kilichomo. Mpaka leo anaamini hapendi maboga.

Na Rosalia alikula. Dada, laiti ungeona. Alishika kipande kwa mikono miwili, akala taratibu, akaokota na makombo. Nilishukuru kimoyomoyo. Wiki iliyofuata nikatia karoti. Ilipokwisha hiyo nikapata tamaa, nikachemsha mchicha, nikautwanga kwenye kinu mpaka ukawa kama rojo, nikautia wote. Kakao ikaumeza, rangi haikuonekana. Mwezi mzima wa Julai nilikwenda hivyo, na uso wake ukaanza kurudi.

Wiki mbili na siku kadhaa zilizopita, siku ya Jumatano, saa kumi, tulikuwa tumekaa uani, mie nanyonyesha. Rosalia alikuwa anakula keki yake. Nikamwona ameacha kutafuna. Alitia vidole mdomoni akatoa kijiti cha mchicha, kirefu kama ukucha, ambacho kinu hakikukifikia. Akakiweka juu ya mkeka, akakitazama.

"Mama mdogo, kumbe mnaficha," akasema. Hakuwa na hasira. Kisha akaniuliza, "Na mama, mmemficha wapi?"

Nilimwambia mambo ya ovyo, kwamba kahawa mwaka huu ni nyingi, kwamba treni zimejaa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasukuma sahani, akaingia ndani.

Tangu hapo hakula. Si keki, si mkate, wala chai mpaka aione sukari ikitiwa na kijiko kikikoroga. Alhamisi ikapita hivyo. Nilimweleza Theonest kiapo changu kwako, nikamuuliza nifanye nini. Alifikiri sana, unajua hasemi upesi. Alisema ahadi ni yangu na wewe, hawezi kuniamulia, ila mtoto amewekwa mikononi mwetu akiwa hai na ni lazima tumrudishe akiwa hai.

Ijumaa asubuhi nilimketisha Rosalia kitandani kwangu, nikamwambia. Nilisema mama yako anaumwa kifua. Nilisema hakubaki kuvuna kahawa, yuko hospitali, chini ya mlima, mbali na Bukoba na mbali na hapa, na alikuondoa ili ugonjwa usikupate. Nilisema anachomwa sindano kila siku na matibabu yake ni marefu, pengine mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa nangojea alie, niko tayari kumshika.

Hakulia. Aliniangalia, akauliza, "Kwa hiyo yuko hai?"

Nilimwambia yuko hai, ameniandikia Juni, anaketi barazani asubuhi. Nikaileta barua yako, nikamsomea maneno hayo mara mbili, akaweka kidole juu ya jina lako. Ndipo akanieleza. Alikuwa ameona vitambaa vyako vyenye damu ulivyokuwa ukivifua peke yako nyuma ya nyumba. Siku ya safari, wewe ulipokataa kumbusu ukageuza uso, alijua kuna jambo. Na ulipokosekana kwenye treni ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, aliamini umekufa, na kwamba sisi sote wakubwa tumekubaliana kumficha. Miezi minne, Felicitas. Miezi minne mtoto huyu amekuwa na msiba peke yake katika nyumba yangu, nami nampa keki.

Hapo aliyelia ni mimi. Yeye ndiye aliyenipigapiga mgongo.

Akalala, akalala mpaka alasiri kama mtu aliyetoka safari. Alipoamka akaomba chakula. Kulikuwa na ugali na matembele. Alikula vyote.

Nimevunja neno lako na siwezi kusema najuta, ingawa nimeumia kulivunja. Ukiweza nisamehe. Kama umekasirika, niandikie kwa hasira hiyo hiyo, nitaipokea, maana hata hasira yako nimeikumbuka. Ila naomba jambo moja, kwa heshima yote ninayopaswa kumpa dada yangu mkubwa. Mwandikie yeye mwenyewe. Si kupitia kwangu. Mwambie siku za homa na siku za nafuu, kama zilivyo. Amekwisha kubeba lililo zito kuliko ukweli.

Siku hizi tunaoka pamoja kila Jumamosi. Yeye ndiye anayeparuza karoti, na Rubabbai humtuma Nasim, binti yake, aje kujifunza naye, ingawa hao wawili hula nusu ya kakao kabla haijafika kwenye bakuli. Ya boga ndiyo anayoipenda. Ya mchicha amesema wazi kwamba ni mbaya na tangu mwanzo ilikuwa mbaya, alikuwa anaila kwa kuwa nilionekana nimechoka. Kwa hiyo mchicha sasa anakula kwenye sahani, na keki inabaki keki. Jumatatu iliyopita mganga alimpima tena, akafurahi. Amepanda ratili nne.

Filimbi ya treni ikilia, huwa bado anainua kichwa. Hatoki tena njiani.

Nami nainua kichwa, nikuambie kweli. Sijui nangoja nini, maana wewe hutakuja kwa njia ile. Nadhani ni masikio tu, yamezoea kwamba kila kinachotoka kwetu kinafika na sauti hiyo. Wakati mwingine nikikata keki najikuta nimetenga kipande chako pembeni. Kisha nakumbuka ulipo, nampa Fransis makombo yake.

Didas anapanda lori la kaskazini Jumatano, ndiye anayeleta barua hii. Anajua hataruhusiwa kuingia wodini, ataiacha kwa muuguzi pamoja na keki tuliyoifunga kwa majani ya mgomba. Ina boga na karoti. Kama daktari hakuruhusu, wape wenzako, lakini harufu yake uinuse wewe kwanza.

Nisalimie wagonjwa wenzako wote, hasa yule mama uliyesema anakufundisha kufuma. Baba yetu Adelard ameandika kutoka Bukoba kwamba ni mzima na migomba yako anaipalilia mwenyewe, hataki kibarua aiguse. Shangazi Apolonia anakuombea rozari kila siku, na Rubabbai naye amesema ametaja jina lako katika dua zao. Theonest na Fransis wanakusalimu.

Mungu akulinde mchana unapokohoa na usiku unapolala, akupe pumzi ndefu ya kutosha safari ya kurudi kwetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye mpaka leo sijazoea kulala bila miguu yako mgongoni,

Kokuberwa

Rosalia ameomba nafasi hapa chini. Theonest amemfundisha herufi, lakini maneno ni yake, sikumwambia aandike nini.

MAMA SHIKAMOO. USIJE SASA. PONA KWANZA. MIMI NIPO. ROSALIA.