Amplifaya Iliyovishwa Satini

Shoga, usinipigie, soma tu. Nimejificha nyuma ya spika zangu.

Unamjua shangazi wa bibi harusi, yule tunayemwita Mama Mapambo? Kaja kwenye meza yangu ya muziki, kaitazama amplifaya, eti inaharibu picha. Nikamwambia, "Shangazi, hii inapumua kwa haya matundu. Ukiyaziba itachemka."

Akanijibu, "Kwani ni mgonjwa?"

Mgonjwa! Kumbe ningesomea udaktari.

Nikaitwa jukwaani kutengeneza maiki. Narudi, amplifaya imevishwa kitambaa cha satini, na juu yake chombo cha maua. Chenye maji, shoga. MAJI, juu ya umeme! Bado kuipaka wanja tu.

Kabla sijaifikia, muziki ukakata. Amplifaya imepata moto, ikajizima yenyewe isiungue.

Sasa shangazi alikuwa anampigia jirani yake kelele sikioni ili asikike juu ya muziki. Muziki ukakata, yeye hakukata:

"HUYU BWANA HARUSI NI WA TATU KULETWA NYUMBANI!"

Ukumbi mzima, shoga. WA TATU. Mama mkwe kijiko kimemgandia hewani mpaka sasa.

Nimechomoa waya ukutani, nimeondoa maua na hilo gauni. Shangazi huyo, kanijia juu mbele ya watu: "Mashine yako mbovu! Umetuaibisha!"

Mbovu? Humu ukumbini ni hiyo peke yake iliyopata moto ikajua kunyamaza.