Mkono Utangulie

Jumatatu, 4 Machi
Mungu ambariki yule dada wa kliniki anayewafundisha kuongea waliopata kiharusi! Leo kanisema – kwa adabu. Kamwonyesha Baba Watoto picha ya kitana, nini hiki? Nikadakia mimi: kitana! Picha ya wembe. Wembe! Akacheka: mama, mgonjwa hapa si wewe. Ukimmalizia kila neno, lake litatoka lini?

Mume wangu akatabasamu, nusu ya uso. Tangu tuoane aliniita Kasuku, kwa huu mdomo usiopumzika. Tangu augue sijaitwa. Sikujua utani ungeniuma hivi kwa kukosekana.

Jumatano, 6 Machi
Njia yenyewe: mkono utangulie, neno lifuate. Kitu asichoweza kukitaja, akifanye kwanza. Mkono wa kulia umelala, lakini wa kushoto mzima, na ni mkono wa kinyozi. Leo amechana hewa, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, akarudia. Halafu: "Ki... kitana."

Kitana! Nimelia mbele za watu bila haya. Dada naye akajifanya anatafuta kalamu.

Ijumaa, 8 Machi
Siku mbaya. Nilikuwa namsimulia visa vya jirani, akainua mkono – vidole vinafunguka, vinafumba, vinafunguka. Nikajua: mkasi! Mbio nikauleta. Akausukuma. Nikaleta ule mdogo. Akapiga meza, chai yote chini. Akalia, mtu mzima.

Nimempigia dada simu. Ulimpa muda? Nikakiri: hata kidogo. Basi akirudia usilete kitu, mama. Fanya naye mkono uleule, unyamaze.

Ninyamaze! Kazi kwelikweli.

Jumapili, 10 Machi
Asubuhi, mezani. Nimeanza tena ya jirani, na mkono huo! Vinafunguka, vinafumba. Safari hii kauleta hadi mdomoni, kisha kaninyooshea kidole. Mimi!

Si mkasi. Ni mdomo wa ndege. Ee Mola wangu, ananitania! Tangu juzi alikuwa ananitania, nami namletea mikasi.

Neno liko kwenye ncha ya ulimi wangu, linawasha. Nimevuta daftari nipate pa kusemea, la sivyo nitamharibia. Mkono wa kuume unaandika, wa kushoto unafunguka na kufumba pamoja na wake.

"Ka," amesema. Jasho linamtoka. Ananitazama mimi tu.

"Ka..."

Sisemi. Ahsante Mungu, ahsante dada – sisemi kitu.