Niligusa Skrini, Lawama Akabeba Fundi

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mwenyewe nimeshajihukumu mara nyingi na bado sijapata pa kushika, na kikao ni Ijumaa.

Mimi ni dada wa mapokezi kwenye zahanati, mwaka wa tano huu. Mezani kwangu kuna kompyuta moja tu, lakini hiyo moja inalisha skrini tano: mbili ziko mbele yangu, na tatu ni runinga kubwa zilizotundikwa ukumbini wanakosubiri wagonjwa, zinaonyesha namba ya anayefuata na chumba anachotakiwa kuingia. Aliyezipanga ni fundi wetu wa kompyuta, tunamwita Fundi Waya, mtu mpole asiyepandisha sauti hata umwite mara kumi kwa siku. Jumatatu ya wiki iliyopita aliongeza runinga ya tatu, na alipomaliza akaja mezani akaniambia, "Dada, nisikilize vizuri. Skrini ya kushoto ni yako peke yako, mafaili ya watu yafungue humo. Ya kulia ni pacha wa runinga, ukiweka kitu humo ukumbi mzima unakiona. Na picha ikipotea usibonyezebonyeze, niite." Nikamjibu, "Fundi, mimi si mtoto." Akacheka, akabeba ngazi yake akaenda zake.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ukumbi umefurika, runinga moja ikapoteza picha. Watu wa upande wa dirishani hawaoni namba, wakaanza kunizonga, "Dada, sasa zamu ya nani? Mbona yule amepita?" Badala ya kumwita Fundi nikajiambia atachelewa, na hiki ni kitu kidogo, nikabonyeza vitufe nilivyowahi kumwona akivibonyeza, nikachagua mstari wa kwanza uliojitokeza, na kweli runinga zote tatu zikawaka namba, nikajiona bingwa. Kumbe nilichochagua kilizifanya skrini zote tano zionyeshe kitu kimoja, na ile ya kushoto haikuwa yangu tena peke yangu.

Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa mshona nguo mmoja, mgonjwa wetu wa siku nyingi, anauliza tarehe yake ya kurudi kumwona daktari. Nikafungua faili lake, tena nikakuza maandishi kwa sababu macho yangu si mazuri, huku simu nimeibana begani, nimeinama kwenye skrini ya kushoto natafuta tarehe.

Sasa Mama, nikuambie na hili ndipo uelewe. Mama mzazi wa huyo mshona nguo alikuwa ukumbini anasubiri kupimwa presha. Asubuhi ile ile alikuwa ameegemea meza yangu akinisimulia bila hata kupunguza sauti, "Mkwe wangu mwaka wa sita huu, tumbo kama ubao. Nimeshamtafutia mwanangu mke mwingine, mwezi ujao tunakwenda kuposa."

Ukumbi wenye watu zaidi ya hamsini ukanyamaza ghafla. Nikainua kichwa, nikamwona yule mama amesimama chini ya runinga, shingo ameikunja, anamwambia mwanamke aliye karibu naye, "Hebu nisomee, macho yananidanganya. Hilo si jina la mwanangu?" Na yule mwanamke, kabla hajafikiri, akasoma kwa sauti kila mtu akasikia: "Mume hana uwezo wa kuzaa. Ameelezwa. Ameomba mke asiambiwe." Na tarehe yake, miaka mitatu iliyopita.

Nikachomoa waya, runinga zikawa nyeusi. Kwenye simu mshona nguo bado ananiuliza, "Haloo, dada, tarehe umeipata?" Nikakata.

Daktari akatoka mbio, "Nani amefanya hivi?" na mdomo wangu ukatangulia, nikasema, "Fundi alizigusa jana, daktari." Neno lenyewe si uongo, lakini nilijua linakwenda kumwangukia nani. Kabla ya saa sita Fundi Waya alikuwa amesimamishwa kazi, anasubiri kikao.

Alhamisi alikuja nyumbani kwangu, hakukubali hata kukaa, akaniuliza, "Dada, nikumbushe tu. Siku ile uligusa chochote?" Nikamjibu, "Sikugusa, Fundi." Akatazama chini akasema, "Basi ni mimi. Nimezirudia zile nyaya kichwani, moja baada ya nyingine, sioni nilipokosea, lakini lazima ni mimi." Mama Mshauri, angenitukana ningepona. Ile kuniamini ndiyo imenimaliza.

Jumamosi akaja mke wa mshona nguo kuchukua cheti chake cha matibabu, amesharudi kwa wazazi wake, mume naye kafunga duka kwa sababu hawezi kumtazama mteja machoni. Akaniambia, "Miaka sita nimekunywa kila dawa kwa tumbo lisilo na ugonjwa. Aliyefanya haya sijui nimshukuru au nimlaani." Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye pekee niliyemweleza, ananiambia ninyamaze, kwamba Mungu mwenyewe alitaka binti yule aujue ukweli, na kwamba nikisema nitafukuzwa na wazazi wetu wananitegemea mimi. Kuna saa namwamini. Halafu namkumbuka Fundi alivyotazama chini. Nifanye nini?

Dada wa Mapokezi

MAJIBU YA MSHAURI

Mwanangu, marahaba. Barua yako imenifikia Jumatano na kikao chenu ni Ijumaa, kwa hiyo majibu haya nakutumia kwanza kwa simu. Gazeti litafuata baadaye.

Kubonyeza kitufe ulikosea, na kila mfanyakazi amewahi kukosea. Foleni inakuzonga, simu inalia, macho hayaoni vizuri, nakuonea huruma kabisa. Lakini huruma yangu inaishia pale daktari alipotoka mlangoni. Kuanzia hapo hukukosea tena, ulichagua. Halafu Alhamisi ukachagua mara ya pili, mbele ya mtu aliyekuja kukuuliza kwa upole, ukamwacha aondoke akiamini kwamba ujuzi wake mwenyewe umemtoroka. Fundi asiyeiamini mikono yake utamrudishia nini?

Na hili la dada yako la kumsingizia Mungu, liache. Mungu hakubonyeza kitufe. Kwamba yule mke amepata ukweli aliostahili kuupata ni kweli, mumewe alimdhulumu, na mama mkwe alimtesa bure. Lakini ukweli huo haukuwa wako kuutangaza, na heri iliyotokea kwa bahati mbaya hailipi deni la dhambi uliyoifanya kwa kukusudia. Usijifiche nyuma ya gauni la mwanamke anayelia.

Sasa nisikilize. Nenda kwa Fundi leo, si kesho. Usimpigie simu, nenda kwa miguu yako, useme, "Niligusa mimi, nikakudanganya." Usianze na foleni wala macho. Akikufukuza, ondoka, ana haki. Kisha Ijumaa usingoje kuitwa kuwa shahidi. Ingia wa kwanza useme vitufe gani ulibonyeza na saa ngapi. Kuhusu wazazi wako, mtu anaweza kufukuzwa akapata kazi nyingine, ila mwenzako akifukuzwa kwa jina lililochafuliwa nani atamwajiri kushika kompyuta tena?

Ukibaki kazini, waambie wakubwa kwamba mafaili ya wagonjwa na runinga za ukumbini visikae kwenye kompyuta moja. Runinga zipewe kompyuta yao, hata iwe kuukuu, isiyo na faili hata moja. Na mpaka hapo itakapopatikana, picha ikipotea zima runinga zote, simama uite namba kwa mdomo. Watu waliitwa kwa mdomo tangu zamani na walitibiwa.

Mwisho, mshona nguo. Huyo naye ana makosa yake kwa mkewe, lakini kwenu alikuja kama mgonjwa akawaamini. Mwende wewe na daktari, mkamwombe radhi nyumbani kwake.

UJUMBE ALIOUTUMA JUMAMOSI YA WIKI ILIYOFUATA

Mama, nilikwenda. Fundi alinisikiliza amesimama mlangoni, akauliza kitu kimoja tu, "Ulichagua mstari wa kwanza?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho akashusha pumzi, akasema, "Kumbe nyaya zangu zilikuwa sawa," akafunga mlango.

Kwenye kikao nilisema yote. Daktari hakunitazama. Fundi amerudishwa kazini, barua ya kumsafisha imebandikwa ubaoni. Mimi nimepewa onyo la mwisho na kuondolewa mapokezi, niko stoo ya mafaili ya karatasi. Jana Fundi alikuja kufunga kompyuta mpya ya runinga, akapita mlangoni kwangu hakunisalimia. Nililia, lakini nilikula chakula kikapita kooni, mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Kwa mshona nguo bado sijakwenda. Daktari yuko tayari, ni mimi miguu haitaki.

MSHAURI

Salamu ya Fundi usiidai. Itarudi siku yake, au haitarudi, na utaishi. Umefanya vizuri, na nimefurahi umekula.

Lakini mwanangu, kule kwingine ulikokwenda ulikuwa unamwokoa mwenzako, na sehemu ulikuwa unajiokoa mwenyewe. Kwa mshona nguo huna cha kuokoa. Utakwenda kwa sababu tu ulimkosea. Vaa viatu, mpitie daktari, mkabishe hodi.