Pigo la Kwanza Mbele ya Baraza

Jumamosi, 26 Juni 1993

Nimeukosa mpira. Si kwamba umekwenda pembeni — nimeukosa kabisa! Fimbo imepita hewani, vuu, na mpira umebaki pale pale juu ya kijiti chake, mweupe, mtulivu, kama haujaambiwa kitu.

Mbele ya baraza zima la klabu ya gofu. Watu na chai zao na sambusa zao. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mtu mmoja alikohoa, kijiko kikagonga kisosi, basi. Na Philemoni, mume wangu, akawageukia kwa sauti ya kirafiki: amechoka huyu, jana amekesha na ng'ombe. Uongo. Jana nililala mapema kama mtoto mchanga. Sijui kwa nini huo uongo umeniuma kuliko mpira wenyewe.

Nataka niandike ilivyokuwa, maana kesho nitaanza kujidanganya. Kwanza mdomo ulikauka. Kisha vidole vikawa baridi, sivisikii juu ya fimbo. Mzee Yiamat, mwita majina wetu, akasoma "Bi Pudensiana" kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo ya kanisani, na tangu hapo sikumbuki kitu mpaka ile vuu.

Ajabu ni hii. Shimo la tatu, kule bondeni ambako hakuna mtu, nilipiga mpira ukaruka kama kunguru aliyetupiwa jiwe. Mikono ni ileile. Fimbo ileile. Sasa namwogopa nani?

Jumapili, 27 Juni

Baada ya misa Violet kanidaka nje ya kanisa. Ndiye aliyenitia kwenye mchezo huu mwaka juzi — "njoo shoga yangu, tusiwaachie wanaume uwanja wote ule". Habari zilishamfikia. Dawa yake: nikisimama pale nisitazame watu, nitazame Mlima Meru. Mumewe, Elihuruma, akasema hapana, dawa ni kifuniko kimoja cha Konyagi. Philemoni naye garini: "Kichwa chini, Mama Derick. Kichwa chini tu."

Ni kama kwikwi. Kila mtu ana dawa yake na kwikwi inaendelea.

Kinachonishangaza — mimi si mwoga wa watu. Chuoni Tengeru nafundisha uganga wa mifugo mbele ya darasa zima, mkono umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani, wala sijali nani anatazama. Kwa nini mpira mdogo kama ndimu unishinde?

Jumatano, 30 Juni

Philemoni kaja na habari na zawadi. Sijui kipi kimenitisha zaidi.

Habari: kuna kombe la mume na mke, Jumamosi ya tarehe kumi. Mpira mmoja kwa watu wawili. Mke anapiga, mume anaendelea kutoka pale mke alipoupeleka, kisha tena mke, hivyo hivyo mpaka shimoni. Na kamati imeamua mwaka huu wanawake ndio wafungue. "Nimeshatuandikisha," akasema. Hakuniuliza.

Zawadi: fimbo kubwa ya kufungulia mchezo, mpya, imetoka Nairobi. Ndefu! Imevishwa soksi kichwani kama mtoto wa kliniki. Juzijuzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni ya kufulia. Leo mume wangu muuza mabati ananiletea fimbo yenye soksi. Nimeshukuru. Nimeishika. Nzito.

Anataka ukapteni wa klabu mwezi ujao. Hajanitamkia, lakini nguo zake zinatamka. Siku hizi ananyoosha hata suruali ya kuendea dukani.

Jumamosi, 3 Julai

Leo sikwenda klabuni. Nimebeba fimbo na mipira michache mpaka malisho ya chuo, nyuma ya mabanda. Kiubaridi, mawingu mpaka chini, mlima hauonekani — Violet na dawa yake!

Nimepiga vizuri. Kweli vizuri. Ng'ombe wanacheua tu. Kisha wakatokea vijana wa mwaka wa pili wanatoka bwaloni, wakasimama kwenye uzio: "Shikamoo dokta!" Marahaba. Mpira uliofuata umekwenda kwenye banda la nguruwe.

Kwa hiyo ni macho. Macho ya watu. Basi, tatizo nimelijua. Kulijua hakukusaidia kitu, na ule wa baadaye pia umekwenda kwa nguruwe.

Jumanne, 6 Julai

Kijijini Nduruma. Nimerudi jioni hii, nimeoga mara mbili na bado nanuka.

Waliniita asubuhi. Mama mmoja mjane, Anyesi, ng'ombe wake ameshindwa kuzaa tangu jana yake. Ndiye ng'ombe pekee wa maziwa pale nyumbani. Nikamwamkia kwa Kimaasai, kama mama yangu, "Takwenya, yeyo." "Iko," akaitikia, bila kuondoa macho kwa ng'ombe. Ukoo mzima umesimama kwenye boma, na majirani, na wapita njia.

Ndama alikuwa amekaa vibaya, kichwa kimegeukia nyuma. Nikavua koti, nikapaka sabuni, nikainua mkono kuanza. Yule mama akasema polepole, si kwa ubaya: "Mkono wako unatetemeka, daktari."

Nikajisikia nikimjibu, bila hata kufikiri: "Ndiyo, yeyo. Mwanzoni huwa unatetemeka."

Huwa! Nani kaniambia huwa? Lakini ni kweli. Nikiwa pale chini, shavu limebanwa kwenye nyonga ya ng'ombe, nimekumbuka. Kila mara. Tangu ng'ombe wa kwanza nikiwa mwanafunzi. Mdomo unakauka, vidole vinakuwa baridi, na mimi naendelea kupaka sabuni. Sikuwahi kuliita woga. Nililiona kama sehemu ya kuvua koti.

Ndama hakuwa hai. Tulifika tumechelewa. Ng'ombe amepona, amesimama, ameanza kunywa maji. Mama Anyesi amenishika mikono yote miwili yenye damu akasema kwa Kimaasai kitu ambacho sikukielewa, na hakuna aliyenitafsiria.

Njiani nimemfikiria ndama, si gofu. Gofu imekuja baadaye, nilipofika Tengeru, na nimeona haya kuifikiria. Lakini imekuja.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Chuo kimefungwa. Nimelala, nimechambua mchele, nimelala tena. Philemoni kaenda klabuni kufanya mazoezi peke yake. Hakuniomba niende naye. Mae, jamani! Ana aibu nami, au ananihurumia?

Ijumaa, 9 Julai

Mimi na Philemoni tumegombana. Kwa sauti ya chini, kama watu wazima.

Tulipomaliza chakula akaanza kuzungukazunguka. Kuna baridi kali. Watu wengi wana mafua. Hata wewe sauti yako naisikia imekwaruza. Nikamwambia, Baba Derick, sema. Akasema: "Nafikiri tuwaambie unaumwa. Tujitoe kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

Akasukuma sahani yake kando. Kisha yakatoka yote. Kwamba baba yake alibeba mifuko ya fimbo za wazungu kwenye uwanja ule, na siku ya mvua alisimama nje chini ya mti, baraza likiwa tupu, kwa sababu kulikanyaga kulikuwa marufuku. Kwamba yeye akiwa kapteni picha yake itakaa ukutani, ndani ya jengo lile. Kwamba wageni wa Moshi na Nairobi watakuwepo. "Nikikuona unakosa mpira mbele yao, Mama Derick, mimi ndani nakatika."

Miaka yote hii tumeoana, hajawahi kunisimulia ile mvua. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumtupia bakuli.

Nikamwambia pole kwa baba. Nikamwambia siumwi. Nitacheza. Tena nitafungua na fimbo namba saba, ile yangu fupi niliyoizoea. Yenye soksi ibaki.

"Namba saba kufungulia? Watu watasemaje?"

"Watasema mke wa Philemoni ametumia namba saba."

Akatoka kwenda kuangalia geti ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Nimeandika haya kwa ujasiri wa kalamu tu. Sijui kama namgomea au napigania kitu. Labda vyote. Mwanamke akikosa mpira, mume ndiye anayekatika — hebu niambie, mimi nikikosa, nikatikie wapi?

Jumamosi, 10 Julai

Naandika ndani ya gari. Ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka bendera ya shimo la kwanza haionekani, wamesimamisha mchezo. Mpira wetu uko kule kwenye nyasi fupi, katikati, peke yake. Nimeupeleka mimi! Mimi!

Nianzie mwanzo.

Baraza limejaa. Makofia mapya, manukato, mlio wa vikombe. Mzee Yiamat akaniita. Mdomo ukakauka. Vidole, baridi. Nikaviambia vyote viwili kimoyomoyo, haya, mmeshafika, karibuni. Nikachomoa namba saba. Nyuma yangu mtu akasema, "Saba?" Philemoni alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikainama kuweka mpira juu ya kijiti. Ukaanguka. Nikauweka tena. Ukaanguka tena — hiyo mikono! Mtu akacheka, kidogo tu, puani. Siku zingine hapo ndipo ningeharakisha, nipige haraka aibu iishe. Leo nikapiga goti. Kabisa, sketi kwenye umande, kama niko kwenye boma la Nduruma, nikaupandisha kwa mikono yote miwili taratibu mpaka ukakaa. Nikasimama. Bado nilikuwa natetemeka. Sikungoja kuishe. Nikapiga.

Haukuwa mpira wa kusimuliwa. Ulikwenda chinichini, ukadunda, ukaviringika, ukaviringika, ukatulia. Wanawake wawili kabla yangu walipiga mbali zaidi, mmoja kaupeleka kwenye miti. Makofi ya adabu. Violet peke yake akapiga kelele, "Pudaaa!", utadhani tuko gulioni Tengeru.

Nilitegemea furaha. Nilichosikia ni njaa. Ghafla, njaa ya ajabu, ningeweza kula ndizi nusu mkungu.

Tukatembea na Philemoni kuufuata. Tukafika. Mpira umekaa vizuri mno, kama umewekwa mezani. Akachomoa fimbo, akairudisha, akachomoa nyingine. Akasimama juu ya mpira. Akarudi nyuma. Akasimama tena.

Ndipo nikamwona mikono, inatetemeka kama yangu.

Sijawahi kumtazama mikono akicheza. Siku zote nilikuwa nahangaika na aibu yangu mwenyewe. Katika kombe hili, nikiupeleka mpira kichakani, yeye akiutoa tu ni shujaa, na akishindwa, jamani, mnaona mke wake alikouweka. Leo hakuna kichaka. Ni nyasi fupi, na baraza zima nyuma ya mgongo wake. Nimemnyang'anya kichaka chake, maskini.

Alikuwa amesimama hivyo, mabega juu, wakati ukungu ulipotufikia na filimbi ikalia. Nadhani alimshukuru Mungu. Mimi pia, kwa niaba yake.

Sasa yuko hapa kando yangu, kwenye usukani. Anadhani naandika alama. Hajawasha redio. Watu wamemwita barazani akanywe chai, amewapungia mkono tu.

Sasa hivi ameniuliza. Bila kunitazama, anautazama ukungu.

"Ulifanyaje pale?"

Lolote nitakalosema litakuwa dawa ya kwikwi. Nikamnyooshea mkono wangu, huu usioandika. Bado unatetemeka, hata sasa. Ameutazama muda mrefu. Kisha ameleta wake, ameuweka hewani kando ya wangu, juu ya gia. Tumeitazama yote miwili.

Ukungu unaanza kupasuka. Naiona bendera. Mzee Yiamat ametoka na filimbi mdomoni, anatutafuta kwa macho.

Philemoni ameshika kitasa cha mlango. Hajafungua; anangoja niweke kalamu.