Tundu Kwenye Ua wa Michongoma

Mpendwa shoga yangu Mama Tumu,

Tangu nirudi kutoka kwako Chanika sijakupigia simu. Si kwamba salio limeniishia. Nina wivu.

Unaukumbuka ule ua wa michongoma hapa Kibamba, kati ya kwako na kwangu? Kuku wako walikuwa wanakuja kutagia upande wangu, nami nakurudishia mayai kupitia lile tundu walilotoboa watoto. Ndege chozi walijenga humo. Mie napogoa huku, wewe kule, tunapiga soga mpaka maharage yanaungua. Siku Salma wangu alipopatwa na degedege, hukuzunguka barabarani. Ulipita palepale, miiba ikakuchana gauni, ukambeba mbio.

Kisha Baba Salma akasema mtaa mzima wanajenga kuta, sie tu ndio tumebaki na vichaka. Vijana wakaifyeka michongoma, wakang'oa na mizizi. Wewe ulisimama upande wako umeshika kiuno.

"Mama Salma, sasa tutaonana wapi?"

"Si utapita getini."

Ulipita mara chache. Geti linataka hodi, na nani apige hodi kwa ajili ya chumvi? Mwisho mkauza nyumba, mkahama.

Sasa nakuja Chanika, nakuta umepanda michongoma mingine, inanifika kifuani, na tundu umeliacha. Sijamaliza hata chai, mwanamke akaingiza kichwa. "Shoga, mchicha wako huu." Ukaupokea unacheka kile kicheko ambacho nilidhani ni changu.

Nikakuuliza, "Kumbe umeshapata mwingine?"

"We Mama Salma! Una wivu kama mke mwenza!"

Mlicheka wote wawili. Mie sikucheka.

Niliporudi nilimwambia Baba Salma atoboe kamlango ukutani. Alikubali, shoga, bila hata kubishana. Lakini binti aliyenunua kwenu alinijibu kwa adabu zote, "Samahani mama, sie tunapenda faragha." Nikarudi ndani. Chozi hawaji tena. Watatua wapi, kwenye tofali?

Nafurahi umepata jirani mwema. Hiyo ni nusu ya moyo wangu. Nusu nyingine inaomba apate uhamisho.

Nitakuja tena, safari hii nitalala. Msalimie huyo mwenzio.

Au basi, usimsalimie.

Ni mie, jirani yako wa kwanza,
Mama Salma