Muhtasari Niliompa Taata

Jumatatu, 4 Mei
Muhtasari tena, darasa la sita. Wananakili gazeti neno kwa neno, wanaruka mstari mmoja, eti wamefupisha! Nimewaambia: soma mpaka mwisho, funika gazeti, sema mambo makuu kwa maneno yako. Usiongeze lako. Nimechoka.

Jumapili, 10 Mei
Baada ya ibada, gazeti kwa Taata kama kawaida. Baba yangu hajui kusoma. Nasoma kimya, kisha namweleza kwa Kihaya, kwa kifupi. Bei ya kahawa imeshuka. Amesonya. Kila habari lazima aulize, "Na mwisho wake?"
Kaka Rwegasira yuko kisiwani Bumbire bado. Wiki hii anavuka na mtumbwi wa tajiri wake, wanapeleka samaki wakavu Bukoba.

Alhamisi, 14 Mei
Gazeti limekuja na lori la kahawa. Mtumbwi kutoka Bumbire umezama. Wote wamekufa. Jina la Rwegasira limo.
Mawe, mama wee! Kaka yangu.
Taata alishaniona na gazeti. Akavuta kigoda. "Haya mwalimu, fupisha."
Kwetu binti hamtamkii baba yake kifo. Wazee ndio husema, na kwanza husema mtu anaumwa sana. Nikasema mtumbwi umepinduka. "Na mwisho wake?" Nikasema wengine wameokolewa, Rwegasira anaumwa, yuko Bukoba.
Nimetuma mtu kwa baba mkubwa. Atakuja asubuhi amwambie.

Ijumaa, 15 Mei
Taata hayupo. Amedandia lori alfajiri. Kabeba ndizi mbivu na blanketi la kumfunika mwanawe. Baba mkubwa amefika, amekuta kigoda kitupu.
Najichukia.

Jumamosi, 16 Mei
Amerudi. Blanketi limekunjwa vilevile. Alizunguka hospitali nzima akiulizia waliookolewa, mpaka mpishi mmoja Mhaya akamhurumia, akamwambia. Mwili haujapatikana.
Hakunigombeza. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 24 Mei
Matanga yamekwisha. Mvua kidogo kibanjani, kwenye migomba. Taata ameomba gazeti.
Nikaanza kumfupishia habari ya barabara ya Muleba. Akanigusa mkono. "Usifupishe, mwanangu. Nisomee yote."
Nimemsomea yote, kwa Kiswahili cha gazeti, hadi tangazo la baiskeli. Nusu haelewi. Alikaa ametulia, blanketi magotini.
Nilipomaliza hakuuliza mwisho wake.