Jino Langu na Mfalme wa Mkate

Langnau,
19 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Hedi,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Goti lako laendeleaje? Nakuombea joto la huko New Zealand likusaidie. Mimi moyo umechoka. Daktari hadhani nitauona msimu wa cheri, nami simbishii.

Siku ya Wafalme Watatu, Ueli, mtoto wa marehemu kaka yetu, alileta ule mkate wa vimkate vilivyoshikana, kama kawaida, kimoja kikiwa kimefichwa mfalme ndani. Kimkate changu ndicho kilichokuwa na kisanamu cha mfalme. Maisha yangu yote sikuwahi kumpata, unajua. Nilimuuma kwa nguvu, jino la mbele likakatika. Hata hivyo nilivaa taji la karatasi la anayempata mfalme, nikawa mtawala wa siku na kuwaamuru wote waoshe vyombo.

Kesho yake Ueli aliwaandikia watu wa bima ya ajali kwamba nimeuma ganda la lozi ndani ya mkate. Alinieleza kwamba wao hulipia kitu usichokitarajia mdomoni. Ganda hulitarajii, lakini mfalme, siku ile, kila mtu anajua yumo.

"Shangazi, wewe sema lozi tu. Nani atakuja kuchungulia mdomoni mwako?"

"Na taji nililivaa kwa sababu ya lozi?"

Alikasirika, akasema nitazikwa na pengo kwa ajili ya ukaidi. Pengine ni kweli. Lakini sikutaka neno langu la mwisho kwa watu wa bima liwe la uongo, tena uongo wa kuninyang'anya mfalme wangu. Nikapiga simu mwenyewe. Binti aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hongera, malkia," akasema. "Lakini hatulipi."

Sasa nala supu, na Ueli ameanza kunisemesha tena.

Limebaki moja, ambalo hata Ueli hajui. Kabla ya kuchagua, nilibonyeza vimkate upande wa chini kwa kidole gumba hadi nikamgusa mfalme. Nilimtarajia kuliko mtu yeyote pale mezani.

Utotoni ulikuwa ukimpata karibu kila mwaka, nami nikakuita mwizi, nawe ukalia na kukana. Niambie ukweli, Hedi, nawe ulikuwa unabonyeza? Sitakasirika. Ila usichelewe kujibu.

Nisalimie shemeji Graham na binti yako Anneli. Mungu akae nanyi nyumbani mwenu.

Dada yako akupendaye, mwenye pengo,
Rosmarie